Mkataba wa ubalozini, makubaliano ya nyumbani: mwajiri wangu ni ndugu yangu, na pasipoti yangu anayo yeye

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Muheza mkoani Tanga, na kwa sasa ninaishi Maryland, nchini Marekani, nje kidogo ya jiji la Washington. Nililetwa huku mwaka juzi na binti wa mama yangu mkubwa, ambaye ni mtumishi wa shirika moja la kimataifa, ili nimsaidie kazi za nyumbani na kulea watoto wake watatu. Namwita Dada, na tangu utotoni tumeishi kama watu wa tumbo moja, jambo ambalo ndilo linalonifanya niandike barua hii kwa uzito mkubwa.

Viza yangu ni ya aina ya G-5, ile ya watumishi wa nyumbani wa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa. Kabla sijaipata, Dada alinitumia mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, uliosema kwamba nitafanya kazi saa 40 kwa wiki, nitalipwa dola 16 kwa saa, nitapumzika siku mbili kila wiki, na nauli ya kuja na ya kurudi itakuwa juu yake. Nilipokwenda kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, ofisa aliniuliza kama nimeusoma mkataba na kuuelewa, akanipa kijitabu cha haki za wafanyakazi wa muda, kisha akaniuliza kama na hicho nimekielewa. Nilijibu ndiyo, kwa kuwa Dada alikuwa ameniagiza nijibu ndiyo kwa kila swali. Usiku uleule alinipigia simu akaniambia kwamba karatasi zile ni za kuonyesha ubalozini tu, na kwamba makubaliano yetu ya kweli ni ya kindugu: nitakula kwake, nitalala kwake, na yeye atanipa cha kutuma nyumbani.

Ninaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri na ninalala saa nne usiku, na hata nikiondoa muda wa kula na wa kupumzika, kazi yangu haipungui saa 14 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mtoto mdogo analala chumbani kwangu, hivyo akilia usiku ni mimi ninayeamka. Jumapili ninaruhusiwa kwenda kanisani.

Kuhusu mshahara, kila mwisho wa mwezi fedha huingia katika akaunti yangu, zaidi ya dola 2,700 kama mkataba unavyotaka. Siku hiyohiyo Dada hunichukua kwa gari hadi kwenye mashine ya ATM, hunisubiri garini huku taa zikiwaka, nami hutoa fedha na kumkabidhi. Kiwango cha siku kikizuia, tunarudi kesho yake. Yeye hunibakishia dola 300. Nilipomuuliza, alisema ninalipa chakula, chumba, na deni la nauli na viza, ambalo kwa hesabu yake ni dola 4,000 na bado halijaisha.

Pasipoti yangu na kile kijitabu vimo katika kasha la chuma chumbani kwake tangu wiki niliyofika. Nilipoiomba pasipoti, alinijibu kwamba fadhila ya punda ni mateke, akanikumbusha kwamba ndiye aliyemlipia mdogo wangu ada ya chuo na kumwezekea mama bati, na kwamba nikitoka nyumbani kwake atawapigia simu watu wa uhamiaji nikamatwe, kwa sababu viza yangu ni yake. Anasema pia kwamba mtu wa shirika lake hashitakiwi, ana kinga.

Kanisani nimefahamiana na kijana wa Morogoro anayesoma chuo hapahapa Maryland kwa viza ya F-1. Naye amebeba boksi, yaani amefanya kibarua, katika nyumba ya kulelea wazee kila mwisho wa wiki, analipwa fedha taslimu, na sasa ana miezi miwili hajalipwa. Mwenye nyumba amemwambia kwamba mwanafunzi asiye na ruhusa ya kazi hana pa kwenda kulalamika. Kijana huyo ameshakata tamaa na ananiambia watu kama sisi hatuna sheria nchi hii.

Naomba unieleze, Mama: ule mkataba una maana yoyote? Nikiondoka nitafungwa? Ni kweli Dada ana kinga? Na yule kijana afanye nini?

Binti wa Muheza


JIBU

Marahaba, binti yangu. Nitatanguliza majibu, kisha maelezo. Mkataba ulioupeleka ubalozini ndio mkataba wako, na hakuna mwingine. Dada yako hana haki ya kukaa na pasipoti yako bila ridhaa yako, hata kwa siku moja. Kuacha kazi na kuondoka katika nyumba ile si kosa la jinai, ingawa kunagusa hadhi yako ya uhamiaji, na nitaeleza namna ya kulikabili hilo. Kinga anayoitaja, kwa mtumishi wa kawaida wa shirika la kimataifa, haifiki jikoni kwake. Kijana wa Morogoro anadai jasho lake kihalali, lakini ana tatizo la pili ambalo lazima ashughulike nalo kwa uangalifu.

Kile kijitabu kilichofungiwa kashani hakikutolewa kwa hisani ya ofisa. Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ikapewa jina la William Wilberforce, Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Sisi wa pwani, ambao soko letu la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hatuhitaji kuelezwa kwa kirefu kwa nini sheria ya namna hiyo ikabeba jina hilo. Sheria hiyo inawataka maofisa wa ubalozi wahakikishe kwamba kila mwombaji wa viza za A-3 (ya watumishi wa nyumbani wa wanadiplomasia), G-5, H na J zinazohusu ajira au mafunzo amekipokea kijitabu, amekisoma na amekielewa, na wamweleze haki zake kwa lugha anayoifahamu. Haki zenyewe ni za wazi: kulipwa kwa haki, kutolazimishwa kubaki katika kazi, kukaa na pasipoti yako mwenyewe, kuomba msaada kwa vyama vya wafanyakazi na vya haki za wahamiaji, kulalamika bila kulipiziwa kisasi, na kwenda mahakamani. Kwamba ulijibu ndiyo kwa kuagizwa hakuzifuti haki hizo. Hazikutokana na jibu lako.

Sasa tuje kwenye mkataba. Serikali ya Marekani haitoi viza ya G-5 bila mkataba wa maandishi, na inamtaka mwajiri aahidi humo mambo kadhaa ambayo Dada yako aliyaahidi kwa sahihi yake: mshahara usiopungua kiwango cha chini cha kisheria au kile kinacholipwa kwa kawaida katika eneo hilo kwa kazi ya aina hiyo, kutegemea kipi ni kikubwa, nauli ya kuja na ya kuondoka kuwa juu ya mwajiri, na pasipoti kubaki mikononi mwa mfanyakazi. Mwajiri wa G-5 haruhusiwi kukata fedha za chakula wala za malazi. Kwa hiyo lile deni la dola 4,000 halina msingi. Nauli ni wajibu aliojitwisha mwenyewe ili apewe kibali cha kukuleta. Alichokifanya ni kuiahidi serikali jambo moja mchana na kukutamkia wewe jambo jingine usiku. Mahakama ikiulizwa lipi lifuatwe, makubaliano ya kukulipa chini ya kiwango cha sheria hayana nguvu hata kama wewe mwenyewe uliyakubali, kwa kuwa mfanyakazi wa Marekani hawezi kuisamehe haki ya kima cha chini cha mshahara.

Tufanye hesabu kidogo, maana maumivu yako yana tarakimu. Saa 14 kwa siku sita ni saa 84 kwa wiki. Ukigawa zile dola 300 kwa saa zote za mwezi, unapata chini ya dola 1 kwa saa. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, na cha Maryland ni dola 15 tangu tarehe 1 Januari 2024. Wafanyakazi wa nyumbani wamo katika sheria ya mishahara ya Marekani tangu mwaka 1974. Anayelala kwa mwajiri anaweza kunyimwa na sheria ya shirikisho malipo ya nyongeza ya saa za ziada, lakini hanyimwi malipo ya saa yenyewe. Hivyo hata kama Dada angekuachia mshahara wote wa mkataba, bado kuna saa 44 kila wiki ambazo hazimo katika malipo yale, na kwa dola 16 hizo ni dola 704 kwa wiki moja. Usiku mtoto anapokuamsha na ukaamka kumhudumia, muda huo nao ni kazi.

Safari za kwenda ATM ndizo zilizonishtua kuliko yote, kwa sababu zinaonyesha kwamba anaijua sheria vizuri. Anataka taarifa ya benki isomeke kana kwamba umelipwa. Lakini mshahara unaolipwa kwa mkono mmoja na kurudishwa kwa mkono wa pili haujalipwa. Kanuni za Idara ya Kazi zinasema lazima umfikie mfanyakazi moja kwa moja, bila sharti la kuurejesha kwa mwajiri au kwa mtu mwingine kwa niaba yake. Na taarifa hiyohiyo ya benki aliyoitengeneza kujikinga itakusaidia wewe: kila mwezi fedha zinaingia, na siku hiyohiyo au kesho yake zinatoka karibu zote, kwenye mashine ileile, zikibaki dola 300. Hakuna mtu anayejiendeshea maisha yake kwa namna hiyo mwezi baada ya mwezi. Akaunti ni yako kwa jina lako, na benki itakupa taarifa za miezi yote iliyopita ukiziomba.

Anza leo kuandika saa zako. Daftari la kawaida linatosha, na Kiswahili kinatosha: tarehe, saa uliyoamka, kazi ulizofanya, mara ulizoamshwa usiku, saa uliyolala. Kwa miezi ambayo hukuandika, kaa uandike unavyokumbuka ratiba ya kila siku ilivyokuwa, kipindi cha shule na kipindi cha likizo. Wajibu wa kutunza kumbukumbu za saa ni wa mwajiri, na tangu mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani imekwisha kusema kwamba mwajiri asiyezitunza hawezi kufaidika na uzembe wake. Makadirio ya mfanyakazi yenye mantiki yanapokelewa, kisha ni juu ya mwajiri kuyapinga kwa ushahidi. Daftari usiliache ndani ya nyumba ile. Mpe mtu unayemwamini kanisani, au piga picha za kurasa uzitume kwenye anwani ya barua pepe ambayo Dada haijui. Kama simu unayotumia ameinunua yeye na iko kwenye akaunti yake, fikiri kwamba anaweza kuona namba unazopiga. Tumia simu ya mtu mwingine au kompyuta ya maktaba ya umma, ambayo ni bure.

Kuhusu pasipoti na vitisho, nataka uelewe kwamba hapa tumeshatoka kwenye mambo ya mshahara na kuingia kwenye jinai. Kukamata pasipoti ya mtu ili kumlazimisha aendelee kufanya kazi ni kosa la shirikisho linaloweza kumfikisha mkosaji gerezani hadi miaka 5. Kumshurutisha mtu kufanya kazi kwa kumtisha kwamba ataitiwa vyombo vya sheria au vya uhamiaji ni sehemu ya kosa la kazi ya shuruti, ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 20. Watu wengi wanadhani kazi ya shuruti ni lazima iwe na kipigo au mlango uliofungwa kwa kufuli. Sheria haisemi hivyo. Inauliza kama mtu amebaki kazini kwa hofu ya madhara makubwa aliyotishiwa, na hofu hiyo inaweza kutiwa kwa maneno matupu na karatasi zilizofichwa. Sisemi kwamba kesi ya Dada yako imekwisha kuamuliwa. Hilo ni la waendesha mashitaka na mahakama. Nasema kwamba uliyoyaeleza yanatosha kabisa kumpelekea mwanasheria.

Kinga ya kidiplomasia ipo, na imewaumiza watumishi wengi, kwa hiyo swali lako ni la haki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 humpa mwanadiplomasia aliye kazini kinga pana sana dhidi ya mashitaka. Lakini wengi wa watumishi wa mashirika ya kimataifa huko Washington hawana kinga hiyo pana. Wana kinga kwa matendo ya kazi yao ya ofisini tu, na kumfulisha mtu nguo kwa saa 14 si kazi ya ofisini. Mwanasheria atathibitisha hadhi halisi ya Dada yako. Hata palipo na kinga kamili mambo hayaishii hapo. Mtanzania mwenzako aliyefanya kazi nyumbani kwa mwanadiplomasia wa nchi yetu, Bethesda, hapohapo Maryland, alifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Washington, na mwaka 2008 mahakama ikamtolea hukumu ya zaidi ya dola milioni 1. Kuipata fedha hiyo kukawa mlima mwingine. Sitaki kukuficha hilo. Lakini tangu sheria ile ya 2008, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mamlaka ya kusimamisha viza za watumishi wa nyumbani kwa ubalozi au shirika linalovumilia unyanyasaji, na waajiri wanalijua.

Sasa kuondoka. Kama umepigwa, umetishiwa kupigwa, au umezuiwa kutoka, usisubiri chochote katika haya yanayofuata. Piga 911 na useme anwani ya nyumba. Kama hujafikia hapo, nakuomba uondoke kwa mpangilio, baada ya kuzungumza na mwanasheria. Namba ya taifa ya kusaidia waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu ni 1-888-373-7888; hupigwa bure usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Katika eneo la Washington, Maryland na Virginia kuna taasisi ya Ayuda, inayowasaidia wahamiaji kisheria, na mjini Washington kuna Human Trafficking Legal Center, inayowatafutia watu wa hali kama yako mawakili wa kujitolea. Huko ndiko pa kuanzia. Usiende kwa wakala wa kujaza fomu, hata kama anazungumza Kiswahili na ni muumini mwenzako, kwa sababu asiye wakili anaweza kukuharibia faili kwa nia njema kabisa.

Siku utakayochagua iwe ya Jumapili, unapotoka kwa kawaida, na watoto wakiwa na wazazi wao. Hili la watoto nalisisitiza: usiondoke hata kwa dakika tano ukiwa wewe ndiye mtu mzima pekee nyumbani, kwa maana kumwacha mtoto mdogo peke yake ni kosa, na ndilo litakalokuwa la kwanza kutajwa dhidi yako. Usibebe kitu ambacho si chako, si simu aliyokununulia, si koti la baridi alilokuazima, si kipande cha khanga cha mtu mwingine. Waajiri wa namna hii mara nyingi hukimbilia kumshitaki mfanyakazi kwa wizi. Beba nguo zako, kadi yako ya benki, nakala ya mkataba kama unayo, na daftari lako. Kasha la chuma usiliguse. Pasipoti itadaiwa na wakili kwa barua, au polisi watakusindikiza kuifuata. Na ikishindikana kabisa, ubalozi wetu una utaratibu wa pasipoti iliyopotea au iliyozuiwa. Ukibahatika kuiona, piga picha ya ukurasa wenye namba, na ule wenye viza. Kwa namba hiyo unaweza kuchapa kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ile karatasi ya I-94 inayoonyesha tarehe uliyoingia na muda ulioruhusiwa kukaa.

Ukishatoka, neno la Dada kwamba viza ni yake litakuwa na ukweli kidogo tu: hadhi ya G-5 imefungamana na mwajiri, na ukiacha kazi haiendelei yenyewe. Lakini sheria imeona jambo hilo. Mtumishi wa A-3 au G-5 aliyefungua shauri la madai dhidi ya mwajiri kwa kuvunja mkataba au sheria huruhusiwa kubaki Marekani kwa muda unaotosha kushiriki shauri lake, na kupewa ruhusa ya kufanya kazi katika kipindi hicho. Iko pia viza ya T, kwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, ikiwamo kazi ya shuruti. Hutolewa kwa miaka 4, ina kibali cha kazi, na humwezesha mtu baadaye kuomba ukaazi wa kudumu. Inamtaka mwombaji ashirikiane na vyombo vya uchunguzi kwa kiasi cha haki. Na kama ndugu zako wa nyumbani wakiwa hatarini kwa sababu wewe umetoroka, sheria hiyo ina mlango kwa baadhi yao. Haya yote yana masharti na ukomo wa muda: madai ya mshahara chini ya sheria ya shirikisho yana miaka 2, au 3 kama mwajiri alivunja sheria kwa makusudi, wakati ya kazi ya shuruti yana miaka 10. Wewe umefika mwaka juzi. Kila mwezi unaopita unaweza kuufuta mwezi mmoja wa mwanzo.

Kijana wa Morogoro hakupewa kijitabu kwa sababu viza ya F-1 haimo katika orodha ile. Sheria ya mishahara, hata hivyo, haiulizi aina ya viza. Aliyefanya kazi alipwe saa alizofanya, awe ana kibali au hana, na mwenye nyumba ya wazee anayejua kwamba alimwajiri mtu asiye na kibali naye ana kosa lake. Madai hupokelewa na kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Idara ya Kazi, namba 1-866-487-9243, na sheria ya Maryland inairuhusu mahakama kumtoza mwajiri hadi mara tatu ya mshahara aliouzuia bila mgogoro wa kweli. Tatizo lake la pili ni kwamba mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea, na nje ya chuo ni kwa kibali maalumu tu. Kwa hiyo aache kazi ile mara moja, na kabla hajapeleka madai popote aonane na wakili wa uhamiaji. Vyuo vingi vina ofisi ya msaada wa kisheria kwa wanafunzi. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni ni mtu mwema mara nyingi, lakini ana wajibu wa kuingiza taarifa katika mfumo wa serikali, hivyo asiwe wa kwanza kusimuliwa. Kama ni ukata uliompeleka kubeba boksi, na amekwisha kumaliza mwaka mmoja wa masomo, anaweza kuomba kibali cha kazi kwa sababu ya dhiki ya ghafla ya kiuchumi isiyotokana naye.

Nimalizie kwa lile unalolibeba moyoni. Ada ya mdogo wako na bati za mama ni mambo mema, na una haki ya kuyashukuru. Lakini fedha alizozichukua kwenye akaunti yako, zaidi ya dola 2,400 kila mwezi, ni zako. Huenda ada ile imetoka humo, na bati zimetoka humo. Humkosei ndugu yako kwa kudai kile alichoahidi kwa sahihi yake, na wazee wa ukoo wakija kukuita mkosa shukrani, wasomewe mkataba kwanza, sehemu ya Kiswahili, kifungu kwa kifungu.

Mama yako usimwambie kabla. Si kwa sababu humwamini, bali kwa sababu simu yake ndiyo ya kwanza itakayopigwa Dada akigundua umeondoka, na mtu asiyejua uliko hawezi kubanwa akuseme. Ukishafika mahali salama na ukazungumza na wakili, mpigie siku hiyohiyo, mwambie uko mzima na ndani ya sheria, na kwamba akiulizwa lolote na mtu yeyote aombe swali hilo lipelekwe kwa wakili wako.